Udongo Mwekundu, Kanzu Nyeupe: Rangi Hutoka Wapi?



Hapa Mella, mpakani mwa Uganda na Kenya, watoto wetu hufika madrasa na vumbi jekundu kwenye kanzu nyeupe. Jua ni moja, mbona rangi ni mbili?

Wagiriki wa kale kama Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Aliyeipindua fikra hiyo ni al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965. Alikwenda Cairo zama za Khalifa al-Hakim kwa azma ya kuyadhibiti maji ya Nile, mto unaoanzia kwa jirani zetu wa Jinja. Azma hiyo haikutimia, lakini alituachia Kitab al-Manazir. Humo alionyesha kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Akaeleza pia kwamba jua likipiga majani mabichi, nguo nyeupe iliyo karibu kivulini hupata ukijani. Yaani, mwanga unaoakisiwa huja na rangi.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel, Uswisi. Miaka 100 baadaye, mwaka 1672, Isaac Newton wa Uingereza alitangaza kuwa mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Alizitenganisha kwa kioo cha pembe tatu.

Jibu sasa ni jepesi. Udongo wetu una chuma kilichoshika kutu: hufyonza zaidi miale ya buluu na kijani, na kurudisha nyekundu. Majani hufyonza zaidi nyekundu na buluu, yakarudisha kijani. Kanzu nyeupe hurudisha karibu miale yote. Buibui jeusi hufyonza karibu yote, ndiyo maana hupata joto upesi juani.

Tunayakumbusha haya kwa kuwa wapo wazazi wanaomtaka mtoto achague: madrasa au sayansi. Ibn al-Haytham aliyechunguza mwanga ndiye pia aliyeandika namna ya kuutafuta mwelekeo wa Qibla kwa hesabu. Basi mtoto akiuliza "kwa nini?", tusimnyamazishe. Tumpe kitambaa chekundu akiweke juani na karatasi nyeupe kivulini kando yake, aone mwenyewe karatasi ikipata wekundu.