Mji Uliopigia Kura Maji ya Kunywa

Leo somo letu la historia ni habari ya watu walioulizwa kama watakubali kunywa maji yaliyokwisha kupita chooni. Msicheke. Jambo hili lilitokea mwaka 2006 katika mji wa Toowoomba, nchi ya Australia.

Mji huo uko jimbo la Queensland, juu ya milima, kiasi cha mita 700 kutoka usawa wa bahari. Hunywa maji ya mabwawa. Wakati ule mabwawa yake yalikuwa matatu, yaani Cooby, Perseverance na Cressbrook. Mvua zikapungua mwaka baada ya mwaka, hata mabwawa yakakaribia kukauka. Toowoomba husifiwa kwa bustani zake za maua, basi fikirini uchungu wa watu waliokatazwa kuzimwagilia.

Baraza la mji, chini ya Meya Di Thorley, lilitoa shauri. Maji machafu ya mji yachujwe, kisha yasukumwe kwa nguvu katika utando wenye matundu madogo mno, hata vijidudu visiweze kupita. Halafu yamulikwe kwa mwanga unaoua vijidudu, na mwisho yatiwe katika bwawa la Cooby, yachanganyike na maji ya mvua. Serikali kuu ilikuwa tayari kusaidia kwa fedha, lakini kwa sharti moja: wananchi wakubali kwanza kwa kura.

Hapo ndipo mabishano yalipowaka. Wapinzani waliunda chama chao, na Clive Berghofer, tajiri aliyepata kuwa meya, akawa upande wao. Wengine waliona kinyaa tu. Wengine waliogopa mji wao utachekwa na nyumba zao zitashuka bei. Lakini wako waliouliza: je, dawa tunazomeza zikitoka mwilini, utando huo utazizuia zote? Mimi naona swali hilo lilikuwa la haki kabisa, na mtu anayeliuliza si mjinga.

Tarehe 29 Julai 2006 watu wakapiga kura. Katika kila watu 100, kiasi cha 62 walisema hapana. Shauri likafa. Baadaye ulijengwa mfereji wa bomba kutoka bwawa la Wivenhoe, lililoko bondeni, ukamalizika mwaka 2010. Mashine husukuma maji hayo kupanda mlima, na kazi hiyo ina gharama yake.

Sasa turudi Afrika. Siku ile ya kura, mji wa Windhoek, nchi ya Namibia, ulikuwa umekwisha kunywa maji ya namna hiyo kwa miaka 38. Ulianza mwaka 1968, kwa kuwa ni nchi kavu na mito isiyokauka iko mbali sana. Mwaka 2002 ulifungua mtambo mpya mkubwa zaidi, na mpaka leo watu wanakunywa maji hayo.

Lakini angalieni: mwaka 1968 Namibia ilitawaliwa na Afrika Kusini, na Mwafrika hakuwa na kura. Wa Toowoomba waliulizwa wakakataa. Wa Windhoek hawakuulizwa.

Kabla hatujakutana tena, zungumzeni darasani: ingekuwa mji wenu, mngetaka muonyeshwe nini kwanza, kabla ya kutia alama kwenye karatasi ya kura? Andikeni majibu yenu katika daftari.