Redio ya Gari Haijaharibika, Imezaliwa Japani

Wadau, umenunua gari lililotoka Japani, uko nalo Nyeri au Karatina, redio inagota 90 na stesheni hupati. Usiifungue! Ni nzima. Japani iliipa FM megahezi 76 hadi 90 kwa sababu 90 hadi 108 zilishikwa na televisheni, chaneli 1 hadi 3. Yetu ni 87.5 hadi 108.

Enzi za KBC kwenye AM hakuna aliyejali. Ikaja Capital FM 1996 (98.4 Nairobi), halafu Kameme mwaka 2000 (101.1) kwa Kikuyu. Nani aendeshe hadi Nanyuki bila kusikia lugha ya kwao?

Dawa ni ekspanda, kazi yake kutoa tu. Ukifunga ya 20, 101.1 inasomeka 81.1. Nyeri masafa ni mengine, hesabu ni ileile. Waya wa antena uingie kwenye ekspanda, ekspanda iingie kwenye redio. Mwekundu kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa, mweusi kwenye bodi. Ubaya wake, stesheni za kati ya 90 na 96 hazishiki.

Japani ilizima televisheni ya analogi karibu nchi nzima 2011, na kuanzia 2014 FM yao ikasogezwa hadi 95. Kameme bado iko mbali.