Spishi, si Aina Tu

Jibu la maabara likirudi na maneno "aina ya bakteria", msomaji anabaki kukisia. Aina kwa umbo: viduara au vijiti? Kwa rangi ya Gram: zambarau au waridi? Au kwa dawa zinazoshindwa kumuua? "Aina" ni neno karimu mno. Hata vitenge vina aina. Ndiyo maana nawaunga mkono walioliacha na kuchukua "spishi", neno la Kilatini ambalo kule kwao lilimaanisha mwonekano.

Na mwonekano ndio uliowaponza wataalamu.

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wakihangaika kuotesha vijidudu waliojisokota, walioonekana kwenye vipande vya utando wa tumbo la wagonjwa. Visahani vilitupwa kila baada ya siku mbili, vitupu. Ikaja Pasaka, visahani vikaachwa kwenye kabati la joto siku zote za sikukuu, na waliporudi wakakuta vidoa vidogo vinavyong'aa. Kumbe bakteria huyu huota taratibu tu. Kwa umbo lake akaingizwa katika jenasi ya Campylobacter, akaitwa C. pyloridis. Mwaka 1987 jina likasahihishwa kuwa C. pylori, kwa sababu ya kosa la sarufi ya Kilatini (wanasayansi nao wana BAKITA wao). Haikutosha. Mikia yake imevikwa ala, asidi zake za mafuta ni nyingine, na RNA ya ribosomu ilionyesha kwamba udugu wenyewe ni wa mbali. Mwaka 1989 akapewa jenasi yake, Helicobacter. Ndiye huyu H. pylori anayetafutwa leo kwa wenye vidonda vya tumbo.

Kwa wanyama tunajua pa kukata: punda na farasi huzaa baghala, baghala kwa kawaida hazai, basi ni spishi mbili. Bakteria hawaoani, hujigawa. Hivyo mpaka wao umewekwa kwa hesabu. Jeni ya 16S, ile ya RNA ya ribosomu, yenye herufi kama 1,500, ikifanana na ya spishi zinazojulikana kwa chini ya asilimia 98.7, mtaalamu anashtuka. Kisha hulinganisha jenomu nzima. Ufanano ukiwa chini ya asilimia 95, ana spishi mpya mkononi. Ila hesabu nayo huinamishwa: kwa jenomu, Shigella na E. coli ni spishi moja. Wameachiwa majina mawili kwa sababu daktari akisoma "Shigella" anajua ni kuhara damu.

Tena jina halisimami kwa makala peke yake. Mgunduzi hutakiwa kupeleka bakteria hai kwenye hifadhi mbili za nchi tofauti, wawe kielelezo cha spishi hiyo. Cha H. pylori kiko Uingereza, namba NCTC 11637, na anayedai kupata ndugu yake mpya hulinganisha na hicho.