Mwendo wa Angani Baina ya Johannesburg na London

Mtu akivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Johannesburg mpaka London, uzi ule utapita juu ya Kongo, Chadi na jangwa la Sahara, na kipimo chake kitakuwa kilomita 9,070 hivi. Kipimo hicho hakiongezeki wala hakipungui. Walakini saa za msafiri hazikuufuata uzi huo daima. Zilifuata mafuta, mitambo, na zaidi ya yote ruhusa ya wenye nchi.

Shirika la ndege la Afrika ya Kusini lilianza safari hizo tarehe 10 Novemba, 1945, kwa ndege aina ya Avro York, iliyotua Nairobi, Khartoum, Cairo na karibu na Tripoli kabla ya kufika Bournemouth, kusini mwa Uingereza. Tarehe 2 Mei, 1952, Comet ya Waingereza ilianza safari za kwanza za jeti zenye abiria wa kulipa: ilitoka London, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia. Hayo ni maendeleo ya mitambo, nayo hayana mjadala.

Mjadala unaanza mwaka 1963. Mwezi wa Mei wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaunda Umoja wao, wakaazimia kwamba ndege za serikali ya ubaguzi zisiruhusiwe kupita juu ya nchi zao. Hawakuwa na jeshi la kupeleka Pretoria. Walikuwa na anga. Tangu Agosti ndege za Makaburu zikalazimika kulizunguka kwa baharini lile tumbo la Afrika ya Magharibi, zikitafuta mafuta katika makoloni ya Wareno: Luanda, na baadaye kisiwa cha Sal katika Cape Verde. Njia ya Sal ni kilomita 11,600 hivi; yaani imeuzidi uzi wetu kwa 2,500, ambazo ni kama saa tatu za jeti. Mashirika ya Ulaya, kwa bahati yao, yaliendelea kupita njia fupi.

Wako wasemao kwamba azimio lile lilikuwa maneno matupu. Siafikiani nao. Mwaka 1976 shirika lile lilipokea ndege za Boeing 747SP, zenye uwezo wa kwenda mbali mno, ili zilizunguke bara bila kutua. Mojawapo ililetwa kutoka Marekani hadi Cape Town kwa mruko mmoja wa kilomita 16,560. Mtu hanunui dawa ya maradhi asiyoyaona. Anga hazikufunguliwa tena mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa ukiondolewa.

Lililo gumu kwa mwanahistoria ni Sal. Cape Verde ilipata uhuru mwaka 1975, na kiwanja kile kikaitwa kwa jina la Amílcar Cabral, aliyeuawa mwaka 1973 akiongoza vita dhidi ya Wareno. Hata hivyo ndege za Makaburu ziliendelea kutua pale pale, chini ya jina lile, kwa kuwa visiwa vile vikavu, vyenye mazao haba ya kuuza, vilihitaji ada ya kila ndege iliyotua.