Kuvinjari: Neno la Manowari katika Tovuti ya Halmashauri

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoenea katika Kiswahili, kuvinjari ni mojawapo ya zile chache ambazo hazikuundwa upya wala hazikukopwa kutoka lugha nyingine katika zama hizi za mtandao, bali zilikuwapo tayari zikifanya kazi nyingine. Tarakilishi ilipatikana kwa kuunganisha vipande vya maneno, na intaneti ikakopwa na kuvishwa irabu ya mwisho. Kuvinjari lilitoka baharini, ambako lilimaanisha kuzunguka huku na huko kwa kulinda au kupeleleza, hasa kwa chombo cha vita. Manowari iliyovinjari ilipita na kurudi mbele ya bandari bila kutia nanga, ikiangalia nani anaingia na nani anatoka. Njia hii ya kupata istilahi, ambamo neno la zamani hubebeshwa dhana mpya bila kuvuliwa ile ya kwanza, huitwa upanuzi wa maana, na kwayo kitenzi hicho kikazaa nomino kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za tovuti, kama vile Chrome au Firefox.

Kwa dhana hiyohiyo Waingereza walikwenda malishoni, wakachukua neno la mnyama anayenyofoa chipukizi hapa na pale bila kumaliza kichaka kimoja, ilhali Wafaransa walichukua neno la nahodha anayeongoza chombo. Kiswahili kimebaki baharini pamoja na Wafaransa, ila si kwa nahodha, ambaye anaijua bandari aendako, bali kwa askari wa doria, ambaye hajui atakutana na nini lakini anajua vyema analinda nini. Urambazaji, neno linaloonekana katika Wikipedia ya Kiswahili kama kichwa cha orodha ya viungo vya kuongoza msomaji, liko karibu zaidi na dhana ya Wafaransa, lakini halijashuka mitaani. Huko mitaani neno linalotawala ni kuperuzi, lililotokana na Kiingereza, na anayeperuzi huwa anapitisha macho tu. Kuvinjari nako kumepata ndugu mwenye tabia tofauti kabisa, kujivinjari, ambako magazeti hukutumia kwa watu wanaostarehe ufukweni au harusini. Si ajabu basi kwamba msikilizaji anayeambiwa avinjari tovuti ya halmashauri yake anaweza kudhani amealikwa kwenye burudani.

Songea ni mahali pazuri pa kulipima neno hili, ingawa ni mji wa nyanda za juu ulio mbali na bahari, unaofungamana nayo kwa maji tu, maana mto Ruvuma unaoanzia milima ya Matogoro, jirani na mji, humalizikia Bahari ya Hindi. Wilaya ya Songea ina mkuu wa wilaya mmoja lakini ina halmashauri tatu: Halmashauri ya Manispaa ya Songea, Halmashauri ya Wilaya ya Songea na Halmashauri ya Wilaya ya Madaba. Hapa neno wilaya linabeba maana mbili, eneo la utawala wa serikali kuu na mamlaka ya serikali za mitaa, na mkanganyiko huo unahamia moja kwa moja kwenye anwani za tovuti. Anwani ya manispaa ni songeamc.go.tz na ya halmashauri ya wilaya ni songeadc.go.tz; herufi zinazozitofautisha ni vifupisho vya majina ya Kiingereza, jambo la kushangaza kidogo kwa tovuti zinazoandikwa kwa Kiswahili. Mkazi wa Lizaboni, ndani ya manispaa, akikosea herufi moja kati ya hizo atajikuta kwa jirani, na asitambue upesi, kwa kuwa mwaka 2017 tovuti za mikoa 26 ya Tanzania Bara na halmashauri 185 zilizinduliwa zikiwa zimejengwa kwa kiolezo kimoja, hivyo ataiona Ngao ya Taifa ileile na menyu ileile, huku sheria ndogo na viwango vya ushuru anavyosoma vikiwa havimhusu.

Usawa huo wa kiolezo, hata hivyo, ndio unaomfaa mwenye kuvinjari, maana aliyeijua menyu ya halmashauri moja amezijua nyingi. Menyu, yaani safu ya milango iliyo juu ya ukurasa, huanza na Mwanzo na Kuhusu Sisi, ikaendelea na Utawala, Huduma Zetu, Madiwani, Miradi na Machapisho, hadi Kituo cha Habari. Chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo wengi hawafiki, huwa kuna Ramani ya Tovuti, inayoorodhesha milango yote kwa mara moja.

Kasoro ya kuitegemea menyu hii imo katika jozi ya maneno ambayo Kiswahili cha kila siku hakiyatenganishi sana, habari na taarifa. Habari ni simulizi la jambo lililotokea: ziara ya kiongozi, uzinduzi wa zahanati, kikao cha baraza la madiwani. Taarifa, kwa maana inayobebwa na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ni kile kilichomo katika kumbukumbu za mamlaka, ambacho raia anaweza kukiomba na kujibiwa ndani ya siku 30. Habari hukaa mbele ya ukurasa pamoja na picha zake. Taarifa hukaa nyuma, katika Machapisho, chini ya vichwa vikavu kama Sheria Ndogo, Miongozo, Ripoti na Fomu.

Kikundi cha vijana kinachotaka mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, kikiandika neno mkopo katika kisanduku cha kutafuta kinaweza kuletewa picha za viongozi wakikabidhi mfano wa hundi, bila fomu hata moja. Kisanduku hicho husoma herufi, na waraka uliopigwa skani ukiwa na muhuri na sahihi yake ni picha tu machoni pa mashine, hata kama mtu anausoma bila shida. Kutafuta, kwa hiyo, kunamfaa anayelijua neno lililotumika na ambaye waraka wake umechapwa. Asiye na bahati hiyo hana budi kuvinjari kwa maana ya manowari, aanze na Matangazo, apite kwenye ukurasa wa Maendeleo ya Jamii, arudi kwenye Machapisho, na kila anapofungua faili aangalie kwanza tarehe, kwani mwongozo uliofutwa hauondoki wenyewe mtandaoni.

Ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, ambako mapato na matumizi yalibandikwa kabla ya tovuti na bado yanabandikwa, haujawahi kuwa na kisanduku cha kutafuta. Msomaji husimama mbele yake akapitisha macho kutoka juu hadi chini, na karatasi iliyobandikwa juu ya nyingine huinyanyua kwa kidole aone ile ya chini ni ya lini.