Baraza na Msonge katika Ua wa Rumanyika

Mtu atakaye kuifanya upya nyumba ya kale, akabakisha ya jadi na kutia ya kisasa, aghalabu hudhani kwamba shauri hilo ni la siku zetu. Katika nchi ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, shauri hilo lilikwisha kukatwa zamani katika ua wa mfalme.

Speke na Grant walipowasili Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, Novemba 1861, walipita nyua pana zenye nyumba kubwa za kifalme, kisha wakapelekwa kwenye baraza yenye paa la mteremko. Baraza hiyo ilijengwa na Waarabu, wafanyao biashara ya pembe za ndovu, ili mfalme aendeshee humo mambo ya serikali. Basi umbo geni lilipewa kazi iliyohusu wageni. Lakini Stanley alipofika mwaka 1876 na kuonyeshwa hazina ya mfalme, aliikuta katika nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi. Humo alihesabu bata 16 wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za pofu, na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa. Vitu vya enzi havikuhamishiwa barazani.

Nyumba hiyo Wanyambo na Wahaya huiita omushonge, na Kiswahili nacho kina msonge; jina ni moja. Ukuta na paa lake si vitu viwili: matete hufungwa pete chini ya pete kutoka kileleni, na nyasi hushuka hadi ardhini. Kwa hiyo, ajengaye ukuta wa saruji wa mviringo na kuufunika bati, akasema amechanganya ya kale na mapya, kwa maoni yangu amebakisha duara tu, na msonge umemponyoka. Rumanyika hakuugusa msonge. Aliliweka jipya kando yake, kila moja likawa zima.

Njia hiyo ina gharama. Fedha ya kahawa ilieneza nyumba za pembe nne na mabati mkoani Kagera, wala si ajabu, maana bati halidai kuezekwa tena kila baada ya miaka michache. Atakaye msonge kando ya nyumba yake ya bati hana budi kutafuta nyasi, matete, na fundi ajuaye kuanzia kileleni.