BBC Radio 4

BBC Radio 4 ni idhaa ya redio ya umma nchini Uingereza, inayorusha zaidi mazungumzo kuliko muziki. Ilianza tarehe 30 Septemba 1967, ikichukua nafasi ya idhaa ya BBC iliyoitwa Home Service. Haina matangazo ya biashara. Huendeshwa kwa ada ya leseni ya televisheni.

Siku za kazi, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi kuna Today, kipindi cha habari kilichoanza mwaka 1957, kabla ya idhaa yenyewe, ambamo mawaziri hubanwa kwa maswali. Baadaye huja Woman's Hour, kipindi cha wanawake kilichoanza 1946, taarifa ya habari ya saa 7 mchana, na saa 1 jioni The Archers, mchezo wa redio kuhusu kijiji cha wakulima, unaosikika nchi nzima tangu 1951. Saa hutambulishwa kwa milio sita, wa mwisho mrefu.

La ajabu zaidi ni utabiri wa hali ya bahari: msomaji hutaja polepole majina ya maeneo ya bahari, kama Dogger, Fisher, German Bight, kisha upepo, mvua na umbali wa kuona. Wengi wanaousikiliza kitandani hawajawahi kumiliki hata mtumbwi. Saa 7 usiku, masafa hukabidhiwa BBC World Service.